Caren na Lenzi Isiyovuta

Kuna wanawake wanaomwomba Mungu mume, na wengine wanaomba shamba lenye hati. Caren wa Suna alikuwa akiomba lenzi.

Na si lenzi yoyote tu. Kamera alikuwa nayo, tena nzuri, zile za kisasa zisizo na kioo ndani ambazo vijana huziita mirrorless. Aliipenda kuliko baadhi ya binamu zake. Shida ilikuwa lile jicho la mbele. Kampuni iliyoitengeneza ilikuwa imetoa lenzi mbili za milimita hamsini, yaani zile za kawaida zinazoona mambo karibu na vile mimi na wewe tunavyoyaona. Ya kwanza ilikuwa rahisi na nyepesi kama kikombe cha plastiki, lakini ikitafuta uso wa mtu inanguruma na kusitasita, na bibi harusi atakata keki na kuila kabla haijaamua imtazame nani. Ya pili ilikuwa malkia. Ilimeza mwanga mpaka ungeweza kupiga picha ndani ya chungu, ila bei yake ni ya watu wanaopiga picha za mawaziri, na kwa uzito ule ungeitumia kuzuia mlango usipigwe na upepo. Katikati hapakuwa na kitu. Caren alitaka hiyo ya katikati: yenye mdomo mpana, yenye wepesi wa kushika uso, na isiyomlazimu kuuza ng'ombe wa mama yake.

Mwenzake katika ugonjwa huu alikuwa Issack, jirani yake wa mlango wa pili, mwenye duka la simu na vifaa vya umeme. Asubuhi, kabla wateja hawajaanza kusumbua, Issack alikuja na chupa ya chai ya maziwa iliyokolea iliki, wakakaa kwenye benchi nje ya studio na kuchungulia simu moja. Walifuata tetesi za lenzi kama watu wengine wanavyofuata tetesi za uhamisho wa wachezaji. Walikuwa na mtandao mmoja wa Kijapani ambao hakuna kati yao aliyeelewa hata neno lake moja. Waliangalia michoro na kubishana.

"Issack, umeona? Wanasema mwaka huu inatoka. Moja nukta nne, mdomo mpana wa kumeza mwanga, bei ya katikati."

"Na mwaka jana walisemaje? Mimi nimeoa, nimepata mtoto, mtoto ametembea, lenzi bado inatoka."

"Hii ni ya ukweli. Kuna mtu ameona picha yake."

"Walahi hata mimi nimeona simba hapo posta. Kunywa chai."

Lakini alikuwa anamtania tu. Jioni ni Issack huyo huyo aliyemtumia ujumbe: "Kuna mwingine amesema itakuwa nyepesi." Caren akafurahi peke yake jikoni, mwiko mkononi.

Ukitaka kujua kwa nini mtu mzima ahangaike hivi kwa ajili ya kipande cha kioo, ni lazima uijue kazi yake. Alianza kwa kamera ya kuazima, akiwapiga picha wanafunzi wa Rongo siku ya mahafali, wenye joho na wasio na joho. Kutoka hapo akaingia kwenye harusi, kisha kwenye ayie, na hapo ndipo moyo wake ulipobaki. Ayie ni siku ambayo upande wa bwana unakwenda nyumbani kwa mama wa msichana, ndani ya nyumba yake mwenyewe, kumshukuru na kumwomba aseme neno hilo moja: ayie, nimekubali. Bila neno hilo hakuna kinachoendelea. Na nyumba za akina mama unazijua. Mapazia mazito mpaka chini, vitambaa vilivyofumwa juu ya kila kiti, kabati la vyombo limeziba nusu ya dirisha. Mchana wa jua kali humo ndani ni jioni.

Miaka yote Caren alikuwa akifanya kazi na lenzi ya kuvuta, ile unayoizungusha ukamleta mtu karibu bila wewe kuondoka kitini. Ilimlisha, hakatai. Lakini gizani ilikuwa kipofu. Akipiga bila flashi, uso wa mama unatoka kama tope. Akipiga na flashi, unang'aa kama andazi lililotoka kwenye mafuta sasa hivi. Nyuso za mama zetu ni nyeusi, nyeusi nzuri yenye rangi nyingi ndani yake, na Caren aliziona zote kwa macho yake, halafu akienda kuzitafuta kwenye kompyuta hazipo. Hili lilimuuma kweli. Alihisi kama analipwa kuwaibia watu.

Kwa hiyo tetesi zilipogeuka kuwa habari, na habari ikageuka kuwa sanduku dogo lililofika kwa Issack kutoka Nairobi siku ya Alhamisi, Caren alilia. Issack alijifanya anapanga chaja za simu.

"Sikiza," akasema baadaye. "Niachie hiyo ya kuvuta, uongeze kidogo, uende na hii. Ile yako kuna mtu wa Homa Bay anaiulizia. Lakini nitakaa nayo mpaka Jumatatu. Ukirudi umenuna, nitakurudishia."

"Sitarudi nimenuna."

"Sawa. Lakini mimi nitakaa nayo."

Jumamosi alikuwa na ayie ya Bonface, mwalimu wa Rongo, anayemwoa Dorine wa Ndhiwa. Ni Bonface aliyemkodi, na alikuwa na ombi moja tu. Mama mkwe wake, Mama Truphena, alikuwa ametoka kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, kwa hiyo flashi ni marufuku. "Lakini Caren, nataka uso wake akisema ayie," Bonface akamwambia. "Hata zingine zikiharibika, hiyo tu. Huyo mama alikataa watu watatu kabla yangu." Caren akamhakikishia kwa kifua mbele. Alikuwa na lenzi ya moja nukta nne. Nani angemtisha na giza?

Mvua ilianza yeye na upande wa bwana walipofika tu Ndhiwa. Akina mama wa boma waliwazuia langoni kwa nyimbo, wakadai hiki na kile, wakacheza, wakaridhika, wakawaingiza. Ndani, umeme ulikuwa umepotea. Caren akainua kamera, akapiga picha moja ya majaribio ya mzee aliyekaa karibu naye, na akatazama. Mungu wangu! Mikunjo, ndevu za jana, rangi ya kahawia iliyojificha chini ya macho, vyote vilikuwepo. Akataka kupiga kelele. Akamtafuta Mama Truphena, akamwona ng'ambo ile, kwenye kona ya mbali, kati ya dada zake. Kwa mazoea akashika pete ya lenzi ili amvute karibu.

Pete ikazunguka. Mama Truphena akabaki kule kule.

Hapo ndipo Caren alipokumbuka jambo ambalo hata mtoto wa Kijaluo analijua. Amekuja na upande wa bwana, kwa hiyo yeye pia ni mkwe. Na mkwe ndani ya nyumba ya mama hazururi. Unaonyeshwa kiti, unakaa, unakuwa na adabu mpaka utakapoambiwa twende. Kwa miaka yote hakuwahi kuvunja mila hiyo, wala hakuwahi kuifikiria, maana lenzi ya kuvuta ilimtembelea nyumba nzima huku yeye amekaa kama malaika. Hii mpya, kwa uzuri wake wote, haikuvuta; ilikuwa inadai miguu. Kutoka pale alipokaa, picha ilikuwa robo tatu dari, kipara cha msemaji wa Bonface katikati, na Mama Truphena mdogo kama stempu.

Akainuka. Alipiga hatua mbili tu.

"Mgeni, choo iko nje," akasema mama mmoja mnene kwa sauti ya kusikika mpaka Rongo. Nyumba nzima ikacheka. Huyu alikuwa Mellen, shangazi yake Dorine, aliyekuwa akisimamia jikoni, na ilikuwa wazi kwamba siku ile alikuwa ameamua kufurahi. Caren akarudi kitini masikio yakimwaka moto. Bonface alimtazama kwa macho ya kuuliza, naye akajifanya anafuta lenzi.

Msemaji alikuwa ameshaanza kumsifu Mama Truphena. Caren alijua sifa zikiisha zawadi inatolewa, na zawadi ikitolewa neno linasemwa. Aliwaza kiti chake pale studio, aliwaza ile lenzi yake ya zamani imelala kwa Issack bila kazi, akajitukana kimyakimya. Mellen alipopita na sinia ya glasi, akamshika leso.

"Auntie, tafadhali. Nisaidie. Hii kamera haivuti."

"Haivuti nini?"

"Watu. Lazima niende karibu na mama. Na mimi nimehesabiwa mkwe."

Mellen akamwangalia juu mpaka chini, akaanza kutabasamu polepole. "Mkwe hatembei hapa. Msichana wa jikoni anatembea. Inuka."

Kabla Caren hajajua kinachoendelea, alikuwa jikoni nje, amefungwa leso kiunoni, amepewa jagi la maji ya vuguvugu na beseni, na akina mama sita wanamkagua wakifa kwa kicheko. "Leo wewe ni nyar dala, msichana wa hii boma," Mellen akamwambia. "Nawisha wageni. Lakini ukivunja kitu changu, unarudi kuwa mkwe saa hiyo hiyo."

Caren aliingia tena kwa mlango wa nyuma, kamera ikining'inia kifuani, na hakuna aliyemkataza kitu. Alimnawisha mzee wa kwanza, akaweka jagi chini, akapiga. Akamnawisha wa pili, akapiga. Walikuwa umbali wa mkono, wamelowa vidole, wameinama, wanamwambia asante mama, na hakuna hata mmoja aliyekaza uso kwa ajili ya picha. Alizoea kuwachukua watu kutoka mbali kama mwizi. Leo walikuwa wakimpa wenyewe. Furaha ilimpanda mpaka akasahau kusikiliza msemaji.

Alikuwa katikati ya chumba, akimnawisha Bonface mwenyewe, beseni limejaa mpaka ukingoni, nyumba iliponyamaza. Akageuka. Mama Truphena, hatua tatu kutoka kwake, alikuwa ameipokea zawadi na kuishika mapajani. Midomo yake ilikuwa inafunguka.

Mikono yote miwili ya Caren ilikuwa na vyombo, na pa kuviweka hapakuwepo. Akafanya kitu ambacho wazee wa Ndhiwa bado wanakizungumzia. Alimsukumia Bonface vyote viwili, jagi na beseni, na Bonface, maskini ya Mungu, akavipokea. Beseni likayumba. Ili lisimwagike akalazimika kusimama.

"Ayie," akasema Mama Truphena kwa sauti ndogo, macho chini.

Kisha akainua macho. Mbele yake, ndani ya nyumba yake, mkwe ambaye hapaswi hata kumsalimia kwa mkono alikuwa amesimama wima na jagi na beseni, mikono ikichuruzika sabuni, kama mtu aliyetumwa kuja kumnawisha yeye. Mama wa watu alijaribu kujizuia. Alibana midomo, akajifunika kwa kiganja, mabega yakaanza kutikisika, na mara kikamtoka kicheko kikubwa, cha kichwa kurushwa nyuma, machozi yakimtiririka chini ya lile jicho jipya. Caren alikuwa ameshasogea hatua zake mbili na kupiga goti. Alipiga, akapiga tena. Nyuma yake nyumba nzima ilikuwa imevunjika mbavu, na Mellen alikuwa amejishikilia kwenye kabati la vyombo.

Baada ya chakula Mama Truphena aliagiza aletewe huyo msichana wa maji. Caren akampigia magoti karibu na kiti, akamwonyesha picha kwenye skrini ya kamera. Mama akaishika kwa mikono miwili. Aliuangalia uso wake mwenyewe, kila mkunjo, pengo la jino, rangi yake yote. Caren akaanza kuogopa kwamba amemkosea heshima.

"Mellen!" mama akaita ghafla. "Kuja uone. Siku yangu ikifika, hii ndiyo mtaweka mbele ya jeneza. Sitaki ile ya kitambulisho. Watu wakija kulia, wanikute nikicheka."

"Ay, Truphena, leo ni siku ya kusema hivyo?"

"Ni leo. Kesho nitasahau." Akamgeukia Caren na kumpiga begani. "Umesikia, nyathina, mwanangu? Itunze vizuri. Nitakuwa naiulizia."

Caren alicheka, halafu akajikuta analia, na akina mama wakamcheka kwa hilo pia.

Mvua ilikuwa imekatika walipotoka. Wenzake wakiagana langoni kwa nyimbo zisizoisha, alisimama kando kwenye majani yaliyolowa, bado amefungwa leso ya Mellen, akampigia Issack.

"Umenuna?" Issack akauliza hata kabla ya salamu.

"Usingoje Jumatatu," Caren akasema. "Mpe huyo mtu wa Homa Bay lenzi yake."