Namba Tuliyoipima Chini ya Blanketi

Siku yangu ya kwanza kazini, katika shule ya wavulana Migori mwanzoni mwa miaka ya tisini, Mwalimu Mkuu alinipa ufunguo wa maabara huku akicheka. "Madam, Fizikia ndiyo hiyo. Ukipata kitu kinachofanya kazi, uniite." Nilipata voltimita moja, nyaya, na mjusi mwenye afya kutuzidi sote.

Baadaye nikahamishiwa shule ya wasichana Homa Bay. Mkuu wa Shule huko, mama asiyependa kuzungushwa, alikuwa ameamua kuifuta Fizikia. "Hawa wanakariri tu," aliniambia. "Nionyeshe kitu kimoja walichokipima kwa macho yao. La sivyo, muhula ujao maabara ni ya upishi."

Nilichemka. Nina kiburi changu, sikatai, basi nikachagua jambo kubwa makusudi. Mwanga huja kwa vipande vidogo mno, na nishati ya kila kipande hutegemea rangi yake. Namba inayounganisha rangi na nishati hiyo vitabu huiandika h, nayo ni ile ile sokoni Rodi Kopany na kwenye nyota. Tulikuwa na taa ndogo za rangi, kama zile za redio. Unaongeza umeme wa betri polepole kwa riostati; taa inapoanza tu kung'aa, unasoma voltimita na kupiga hesabu. Ila mng'ao wa kwanza ni hafifu, hauonekani ila gizani, na maabara yetu ilijaa madirisha. Tukajifunika blanketi la bweni.

h yetu ikawa inatoka ndogo kila mara. Kumbe prefekti, mwenye haraka zake, akisema "Imewaka!" kabla haijawaka, wote waliitikia "Imewaka!" Nani ampinge mkubwa? Adabu ilikuwa inatuharibia sayansi! Nikaweka sheria: kila mtu aseme anachokiona yeye, hata akiwa kando ya nyanya yake.

Siku ya kuonyesha ilipofika, Mkuu aliingia chini ya blanketi na Akinyi, msichana mpole kuliko wote. Mimi nikashika riostati.

"Imewaka!" Mkuu akasema.

Kisha sauti ndogo: "Podi, Madam." Kijaluo kilimponyoka. "Sorry, Madam. Bado haijawaka."

Nikaiona Fizikia ikienda jikoni.

"Ni kweli," Mkuu akasema taratibu, "nilisema tu. Ongeza, Mwalimu."

Nikaongeza kidogo. "Sasa!" wakapiga kelele pamoja. Tulipomaliza rangi zote, h ilikuwa imeikaribia ile ya kitabuni, nami nikaruka kama mtoto.

Mkuu alitoka nywele zimetimka, anacheka. "Anayeweza kuniambia mimi 'bado', huyo hajakariri. Fizikia ibaki."

Ilibaki, nami nikabaki nayo hadi kustaafu. Vijana mnaoanza kazi hii, mkubwa akisema imewaka, angalieni kwanza.

Siku ya kuniaga, mshereheshaji alitangaza kwamba kazi yangu imekwisha. Kutoka viti vya nyuma akasimama Akinyi, ambaye siku hizi ndiye mwalimu wa Fizikia katika maabara ile ile.

"Podi, Madam!"

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Jumatatu nilikuwa mlangoni pa maabara yake, blanketi kwapani.