Kitambaa Kwenye Jicho la Kushoto

Mwaka wangu wa mwisho chuoni Dodoma, mhadhiri wa baiolojia alituonyesha picha ya kitoto cha kangaruu kilichozaliwa punde: kidogo kama harage, kimeng'ang'ania chuchu ndani ya mfuko wa mama yake, macho bado yamezibwa. Alisema nyuzi za neva zinazotoka machoni mwake hazijafika kwenye ubongo. Zitafika kikiwa mfukoni humo. Zitachanganyikana kwanza, kisha za jicho la kulia na za kushoto zitajitenga, kila moja ishike eneo lake. Macho yakishafunguka, kuona kwenyewe ndiko kunakoimarisha njia hizo. Na mtoto wa binadamu, akaongeza, jicho lake likizibwa miezi ya mwanzo, ubongo unaweza kuliacha.

Nikanyoosha mkono. "Mwalimu, nani amewahi kuona hizo nyuzi zikitembea?"

"Wewe hata mama yako utamdai cheti cha kukuzaa," alijibu, darasa likaangua kicheko.

Nilitoka sijashawishika. Mnyama wa Australia ananihusu nini mimi wa Chang'ombe?

Likizo hiyo nilikwenda kijijini Haneti kumwona dada yangu. Ilikuwa miezi ya upepo, vumbi linaingia hadi kwenye mlenda. Mwanawe wa miezi mitano alikuwa amefungwa kipande cha kanga juu ya jicho la kushoto.

"Shikamoo, bibi," nilimsalimu mama mkwe wa dada. "Jicho limefanya nini?"

"Marahaba, msomi wetu. Lilivimba, likawa linatoa tongotongo. Zahanati wakatupa dawa, mimi nikaongeza kitambaa, nzi wasiliguse."

"Lilipona lini?"

"Huu ni mwezi wa pili tangu lipone."

"Sasa kitambaa cha nini?"

"Kwani upepo umeisha?"

Nilimtilia shaka bibi. Kisha nikajitilia shaka mwenyewe, maana nilichokuwa nacho kichwani ni picha ile ile niliyoikataa. Nikafungua kitambaa. Jicho lilikuwa safi, jeusi, linang'aa. Nikaziba la kulia kwa kiganja. Mtoto akalia, akanisukuma mkono. Nikaachia, nikaziba la kushoto. Akatulia, akaanza kucheza na kidole changu.

"Unamwonea mtoto," bibi alisema.

"Nimeziba yote mawili kwa mkono huo huo, bibi. Mbona la kushoto halimsumbui?"

Dada aliacha kupepeta mtama. "Unataka kusema mwanangu haoni?"

Nilisema sijui, na ni kweli sikujua. Bibi akanawa mikono, akarudia jaribio mwenyewe, mara tatu, akinitazama kama mwizi. Mara zote tatu mtoto alilia upande ule ule. Kesho yake tulipanda gari wanne kwenda kwenye kliniki ya macho mjini.

Daktari alimulika, akapima, akasema jicho ni zima ila ubongo umeanza kulipuuza. Bado ni mapema, kwa hiyo tulifunge la kulia saa chache kila siku, la kushoto lilazimike kufanya kazi, tumrudishe akaguliwe.

Tulipotoka getini bibi alisema, "Mimi nimefunga, nikaonekana mjinga. Yeye anafunga lile zima, anaitwa daktari."

Lakini tuliporudi Haneti bibi alifunga la kulia kila asubuhi, kwa fundo lile lile, na jua likifika usawa wa mlango alifungua. Hakuniruhusu nimguse mtoto.

Wiki ya tatu aliniita uani. "Njoo uone. Anaona!" Alitikisa kibuyu chenye mbegu, na mtoto, jicho la kulia limefungwa, akageuza kichwa.

"Anasikia, bibi. Hiyo inalia."

Dada alinikata jicho. Bibi akaweka kibuyu chini, akaingia ndani. Nilidhani nimemuudhi. Alitoka na uzi mwekundu wa kufumia, akanitupia.

"Sogeza wewe. Usije ukasema nimemdanganya."

Niliuinua uzi mbele ya uso wa mtoto, nikaupeleka kushoto, polepole. Jicho lilibaki pale lilipokuwa. Nikaurudisha. Jicho likachelewa kidogo, likayumba, kisha likaufuata uzi mpaka mwisho.

"Rudia," bibi alisema. "Mara moja haitoshi."