Nimekataa Kubeba Mahindi Mabovu ya Ndugu Yangu

Admin, nifichie jina, ingawa watu wa Malaba watanijua tu, na sijali. Nina miaka 34, niliolewa nikaachika, na kwa miaka kumi na miwili nimeendesha stoo ya nafaka ya baba yangu.

Kazi yangu ni kununua mahindi yanayotoka Uganda. Sinunui kwa macho. Nadunga gunia kwa bambo mpaka katikati, natoa punje, naziuma. Zikivunjika kwa mlio, zimekauka. Zikibonyea, lori lirudi lilikotoka. Meno yangu ndiyo yaliyoijengea stoo ile sifa.

Mwaka huu baba alichoka, akamwita mdogo wangu wa kiume kutoka Nairobi, akampa funguo mbele ya baba wadogo. Akaniambia, "Wewe utaolewa tena. Stoo haiwezi kwenda kwa ukoo wa watu. Msaidie tu ndugu yako."

Niliumia sana, lakini nikamsaidia. Nilipomfundisha kuuma punje alicheka. "Dada, boss hawezi tafuna mahindi kwa barabara kama kuku."

Basi akanunua lori zima kwa kuangalia magunia ya juu. Ya chini yalikuwa mabichi. Shule tunayoiuzia ikayarudisha yote yakiwa na ukungu.

Baba akaniita. Nilidhani anataka kuniomba msamaha, kumbe wapi. "Waambie ni wewe ulinunua. Wewe ni mwanamke, watu watasahau. Huyu akiharibu jina saa hii, hatainuka." Ndugu yangu alikuwa ameketi palepale, anabonyeza simu.

Nilimwambia hapana, kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Mama analia kwamba nimevunja nyumba. Sijavunja kitu. Nimekataa kudanganya watu wanaoniamini.

Sasa nimekodi chumba ng'ambo ya barabara, nifungue stoo yangu. Mama mmoja anayeleta mahindi kutoka Tororo ameniambia, kwa heshima ya kwao, "Nnyabo, ukifungua, mimi nashusha kwako." Nafungua Jumatatu. Baba ametuma neno kwamba nikifungua, nisikanyage kwake, hata akifa.

Msiniambie nirudi, huo ushauri kaeni nao. Ila fundi wa kibao cha stoo ananingoja nimpe jina. Baba ameninyima stoo, lakini jina lake nimelibeba tangu nizaliwe na hawezi kunivua. Na bado nampenda, hilo ndilo linaloniuma. Nishaurini: niliandike juu ya mlango wangu, au niandike langu peke yake?