Moshi Kabatini Siku ya Mahari ya Wangari

Chekeni tu, maana hata nikipita mtaa wa Skuta siku hizi nikaona watu wawili wanasukumana mabega najua ni ile hadithi ya kabati, na afadhali muisikie kwangu kuliko kwa Gachoki, ambaye huisimulia kana kwamba yeye hakuwepo, ilhali yeye ndiye aliyeianzisha, na leo nitamtaja kwa jina, na fundi Muriithi pia nitamtaja, wajue sijasahau.

Mimi ni mjane. Nimezika mume, nimeugua nikapona, nimeuza viazi sokoni Majengo kwa jua na kwa mvua mpaka Wangari wangu akamaliza chuo, na shule yangu mwenyewe iliishia darasa la sita. Kwa hivyo aliponiambia ati watu wa mchumba wake, Kimani, wanakuja kutoka Kutus kuleta mahari, nilisema hawa watu hawatanikuta na hiyo jikoni. (Nyumba ni ya mawe, ya zamani, ya baba mkwe, na jikoni yake ilikuwa nyeusi mpaka mchana mtu anatafuta chumvi kwa kupapasa.) Nilitaka taili sakafuni, nilitaka kaunta, nilitaka kabati za kuning'inia kama zile za kwenye simu ya Wangari.

Gachoki, ndugu ya marehemu, akajileta na futi kamba. Huyu ndiye alikuwa anasema kwenye mikutano ya familia kwamba mwanamke peke yake hawezi kusimamisha boma, nami nikaona jikoni hii ndiyo itamfunga mdomo, na bado nikamkubali awe mshauri (akili yangu ilikuwa wapi, sijui). Tukapanga, tukapangua, na kila tukipanga pesa zinaisha kabla hatujafika kwa kabati. Basi Gachoki akachungulia nje.

"Shemeji, hilo jiko la nje la mbao ni la nini tena, na unanunua gesi? Uza mbao, uza mabati, kabati zimepatikana."

Neno dogo hivyo. Nikasema sawa. Wakalibomoa jiko tulilopikia ubatizo wa Wangari na matanga ya babake, na mimi nimesimama hapo nafurahia jinsi uwanja umekuwa mpana.

Muriithi naye akaingia, akakuta chimni ya mawe ya pale sebuleni tunapootea moto imejitokeza upande wa jikoni, inakula nafasi ya kabati. Akaikata, akaziba tundu kwa ubao, akapigilia kabati juu yake. Nilimuuliza, "Na moshi?" Akanijibu, "Mama, nani anawasha moto ndani siku hizi?" Nikamwambia aendelee, maana sikutaka kuonekana mshamba. Halafu akatoboa dirisha la kupitishia sahani kati ya jikoni na sebule, kwa ombi langu, ili wageni wakikaa wazione hizo kabati.

Sikatai, ilipendeza. Majirani walikuwa wanavua viatu mlangoni.

Siku yenyewe ikafika na yale manyunyu yetu ya Nyeri yanayoingia mpaka kwa mifupa. Nyokabi, mwenyekiti wa kikundi chetu cha akina mama, akaja na sufuria kubwa ya kikundi, ile ya kulisha ukoo mzima, na haikuingia. Tuliiinamisha, tuliisukuma, kabati za juu zikaigongea kichwa, na tulipoikalisha hatimaye ikafunika moto wote wa gesi, ukazimika.

"Mama Wangari," Nyokabi akasema amejishika kiuno, "hii ni jikoni ya mayai mawili."

Wakaanza kupika kwa visufuria, kidogo kidogo, na mimi nikakimbia langoni kuimba na wenzangu, kwa sababu wageni wa mahari hawafunguliwi lango kabla ya kuimbiana, na siku hiyo nilitamani wimbo usiishe. Kumbe huko ndani Gachoki ameona wazee watasikia baridi, akajaza kuni pale sebuleni, akawasha.

Wageni wakaingia, wakakaa, macho yote kwenye kabati kama nilivyopanga. Nami nikaenda kutoa vikombe. Nilipofungua mlango wa kabati, moshi ukatoka kama mtu aliyekuwa amefungiwa, na masizi ya miaka yote ya baba mkwe yakanimwagikia kichwani, kifuani, kwa vikombe. Zile kabati zingine nazo zikaanza kufuka kwenye nyufa, moja baada ya nyingine, jirani akimwambukiza jirani. Kwenye lile dirisha la sahani, ukoo mzima wa Kutus unaniangalia.

Mjomba wa Kimani akauliza polepole, "Mwenye boma, hizi kabati zimeanza lini kuvuta sigara?"

Tukatoka nje sote, tunakohoa, kwenye manyunyu, suti na vitambaa vyeupe vikiota madoa. Visufuria vya Nyokabi vimejaa masizi. Na mnajua desturi: wageni hawajala, hakuna anayetaja mbuzi wa mahari hata mmoja. Huyo mjomba akatazama gari lao, akasema labda warudi siku nyingine. Siku nyingine! Nilimwona Wangari amejificha nyuma ya tangi la maji analia, na hayo machozi hayakuwa ya moshi. Gachoki kando yangu ananong'ona, "Nilisema mimi, mwanamke peke yake..."

Ndipo mama Kimani akasimama. Mwanamke mfupi, mnene, sikuwa nimesikia sauti yake siku yote. Alivua viatu vya kisigino, akajifunga leso juu ya nguo yake ya maua, akaenda mwenyewe kuokota mawe matatu. Wazee wakashtuka, kwa sababu mama wa bwana harusi haingii jikoni ya wakwe siku kama hiyo, ni aibu kwa pande zote mbili.

"Mama Kimani, unaingia jikoni ya wenyewe?" mjomba akamuuliza.

"Jikoni gani?" akajibu bila kugeuka. "Mimi naona uwanja. Wewe leta turubai la hilo gari, na ulishike vizuri, usinimwagie maji kwa moto."

Mjomba akalileta! Wanaume wanne wa Kutus, na tai zao shingoni, wakasimama wameshika pembe za turubai juu ya moto, na mama Kimani akafungua gunia la mchele walioniletea kama zawadi. "Huu ni wa kwetu, naujua unavyotaka maji," akasema, na ile sufuria kubwa akaikalisha juu ya mawe kwa pigo moja. Nyokabi akamletea nyama iliyokuwa haijapikwa, wakaanza kutaniana kama watu waliolelewa pamoja. Gachoki alipopita akapewa pembe ya turubai, akaishika mpaka mwisho.

Tulikula jioni, tumesimama, wali una harufu ya kuni, na wazee wakazungumza, na mahari ikapokelewa. Nimeona watu wengi maishani, wa vyeo na wa mali, lakini sijaona mtu akiokoa uso wa mwenzake kwa wepesi namna hiyo, tena bila kumfanya ahisi ameokolewa. Nilipojaribu kumshukuru alinifuta masizi shavuni kwa leso yake, akasema, "Nyamaza, mama. Sasa tumepika pamoja, utanificha nini?"

Kabati bado ziko, na Muriithi simu zangu hashiki. Lakini nimejiapia: mtu akija tena kunishauri juu ya nyumba yangu, kabla hajafungua futi kamba, nitamuuliza amewahi kupikia watu wangapi.