Pikapu Iliyonizimikia Ndundu

Jamani, hii naisimulia kwa sababu wote walioiona pale Ndundu, ukingoni mwa Rufiji, wameshaisimulia vibaya zaidi, bora niwahi mwenyewe. Enzi hizo daraja hakuna, magari yanavuka kwa pantoni, nami nina wiki tatu tu tangu nijue kuendesha (na miwani ya jua, msisahau miwani).

Nilikuwa nampeleka bibi yangu, Bi Zaituni, ng'ambo kwa mdogo wake aliyekuwa mahututi. Tulifika kutoka Kibiti pantoni ikipakia safari ya mwisho ya siku ile. Baharia mmoja akaniambia, "Lete ufunguo nikupandishie, hapo pana mlima." Mimi huyo, "Unanijua mie?"

Basi nikakanyaga mafuta, nikaachia klachi kwa mkupuo, pikapu ikaruka kama chura, ikazima. Nikarudia, ikazima. Mara ya tatu nikasahau breki, ikarudi nyuma ikapiga tenga la mama mmoja, kuku wakatawanyika, magurudumu ya nyuma yakateleza pembeni yakaingia mtoni, watu wanacheka mpaka wanakaa chini, na nahodha anapiga kelele, "Nawaacha!" Miwani imejaa jasho, sioni kitu. Nikamfikiria mgonjwa, nikataka kulia.

Bibi, ambaye hajagusa usukani maishani mwake, akavua kandambili, akabandika nyayo kwenye sakafu ya gari. "Washa. Inua mguu kidogo. Kidogo! Wasikia inavyotetemeka? Hapo hapo, usiondoe. Haya, mafuta kidogo, achia breki." Wallahi, pikapu ilipanda taratibu mpaka vicheko vyote vikakatika.

Nikamgeukia. "Bibi, umejuaje?"

"Wakati wa Vita vya Maji Maji mama alinivusha mto huu mgongoni, anasukuma mtumbwi kwa upondo polepole tusisikike. Nami nimevusha watu mpaka nimezeeka. Chombo hukwambia kinapotaka kwenda, mjukuu wangu. Weye ulikuwa washindana na watu."

Nilimtazama kana kwamba ndiyo kwanza namwona.

Mdogo wake tulimkuta hai. Jambo la kwanza bibi alilomwambia, kabla hata ya kulia, ni habari za kuku, na yule mgonjwa, siku mbili hajatamka neno, akafumbua macho, akanikazia, akauliza, "Ndiye huyu?"

Tangu siku hiyo, mtu akisema lete ufunguo, nampa, na miwani namwongezea.