Ugomvi wa Makao Makuu

Mvua ilipokatika, tulianika mchele wa duka la mama mkwe juu ya mikeka, pale Mtoni, ingawa tulijua haufai tena hata kwa kuku. Mama mkwe ni wa ukoo wa Kiarabu, wauza duka tangu enzi za babu yake. Hakulia. Aliniuliza tu, "Mwanangu, si wewe unayesomea mafuriko? Mbona hukutuambia?"

Niliendelea kuugeuza mchele. Nilikuwa mtafiti katika kituo cha maafa cha chuo kimoja hapa Dar, na kweli sikujua.

Baadaye, kwenye semina, nilikaa meza moja na mtafiti kutoka nchi jirani ya visiwani. Nikamsimulia. Akaweka kijiko chini.

"Dhoruba ile ilitupiga sie kwanza," alisema. "Tuliiona ikigeukia kwenu."

"Sasa mbona mlikaa kimya?"

"Tungemwambia nani, dada? Sikuwa na namba ya mtu yeyote huko kwenu."

Pale pale nikaamua: vituo vya utafiti wa maafa vya ukanda wetu lazima viungane. Niliandika barua pepe, nikapiga simu, nikakataliwa. Wengine waliogopa kutoa takwimu zao. Wengine walidhani Dar tunatafuta ukubwa. Nikang'ang'ania mpaka wakaja, tukakutana kwenye ukumbi mmoja Kinondoni.

Mkutano ukakwama kwenye makao makuu. Mkurugenzi wangu alishikilia yawe Dar. Mama mmoja kutoka nchi ya milima, mtafiti wa maporomoko ya udongo, akaanza kufunga begi lake.

"Kama mnataka ufalme, jitawaleni wenyewe," alisema.

Nikasimama. "Dada, nakuomba ukae. Mie naona makao yaende visiwani. Dhoruba zinawafikia wao kwanza."

Yule mama akakaa, na wengi wakaafiki. Wakati wa chai mkurugenzi akanivuta pembeni.

"Umetuuza."

"Hapana, mzee. Nimetupatia majirani."

"Basi hutatuwakilisha tena."

"Sawa, mzee. Ila twende ukasaini."

Alisaini, kwa hasira, kalamu nusura itoboe karatasi. Uwakilishi akapewa mwenzangu, nami nikaachiwa kazi ambayo hakuna aliyeigombea: kupokea taarifa za vituo vya nje na kuzifikisha mitaani. Niliumia, sitadanganya. Lakini niliifanya. Nilizunguka Mtoni na Vingunguti, nikafika hadi Chanika, nikikaa na wenyeviti wa mitaa tupange nani atatangaza msikitini, nani atawabeba wazee wasiojiweza.

Masika yaliyofuata, asubuhi moja, simu ikalia kutoka visiwani. "Inakuja kwenu," alisema yule mtafiti. "Safari hii namba ninayo."

Kufikia adhuhuri, vipaza sauti vya misikiti ya Vingunguti vilikuwa vimeshatangaza. Watu wa bondeni walipanda juu na watoto wao na magodoro kichwani, wengine wakinilaani kwa kuwasumbua jua likiwaka. Jioni maji yakaja. Nyumba kadhaa zilibomoka, na ndani hamkuwa na mtu.

Umoja wetu bado unagombana. Kuna vituo vinavyoficha takwimu hadi leo, na mkurugenzi hujibu salamu yangu kwa shingo upande. Leo nimewapigia tena hao wanaoficha. Hawakupokea. Kesho nitawapigia.