Taa ya Baba na Reli ya Milimani

Nitawataja wote waliokuwepo siku ile, maana kila mmoja aliona. Alikuwepo mzee mwenye nyumba, Singasinga wa kilemba cha buluu, fundi wa magarimoshi aliyestaafu. Mke wake alikuwa kibarazani na sinia la bajia. Alikuwepo mpwa wao, aliyefika kutoka Nairobi wiki mbili kabla. Alikuwepo rafiki wa mzee, mwenye karakana ya vyuma karibu na stesheni. Na tulikuwepo sisi watatu: mdogo wangu wa kike, mdogo wangu wa kiume, na mimi. Watu saba, na katikati yetu, kwenye bustani ya mzee mtaani Milimani, Nakuru, garimoshi la urefu wa kitanda likipumua mvuke.

Mimi niliajiriwa pale kufua nguo. Baba alikuwa mfanyakazi wa reli. Alipokufa, na mama akamfuata kabla ya mwaka kwisha, niliacha shule nikiwa darasa la sita. Tulihamia chumba kimoja mtaa wa Rhonda, ambako wakati ule mahindi bado yaliota katikati ya nyumba, na kila asubuhi nilipanda hadi Milimani kwa miguu.

Mwaka wangu wa kwanza pale, nilimkuta mzee amepiga magoti bustanini akigombana na kipande cha reli. Alikuwa akitafuta usawa wa ardhi, na kila alipopima upande mmoja, mwingine ulimkataa. Nikachukua mpira wa kumwagilia maua, nikaujaza maji, nikamwambia ashike ncha moja juu na mimi nyingine. "Maji hayadanganyi, mzee," nikasema. Hivyo ndivyo baba alivyopima msingi wa choo chetu.

Mzee alicheka mpaka kilemba kikalegea. Tangu siku hiyo asubuhi nilifua, mchana nililaza reli. Kona ya chini niliipinda mimi, kwa vigingi na waya wa kuanikia nguo. Udongo wa Nakuru hauaminiki. Kila masika ulizama karibu na mjakaranda, nami nikaujaza upya kwa kokoto. Miaka minne. Mzee akaanza kuniita *beti*, neno la kwao la kumwita binti, na mke wake akawa ananiwekea chai ndani ya kikombe kama chao.

Kilichobaki kilikuwa pete. Kwenye reli ya njia moja, dereva haingii mpaka akabidhiwe pete ya shaba mkononi. Pete ni moja tu, na aliye nayo ndiye mwenye njia. Hapo magari mawili hayawezi kukutana uso kwa uso. Baba alikabidhi pete hizo maisha yake yote, amesimama kando ya reli na mkono umenyooshwa. Mzee alitaka bustani yake ifuate sheria hiyo hiyo, lakini hakupata shaba iliyomridhisha.

Sisi tulikuwa na taa ya mkono ya baba, ya shaba nzito. Ndiyo urithi pekee uliobaki, na baba mwenyewe alisema ni ya mdogo wangu wa kiume.

"Ilete, beti," mzee akaniambia. "Siku ya kufungua, ndugu yako ndiye ataendesha. Rafiki yangu atakuwepo. Kila mwaka anachukua kijana mmoja kumfundisha kazi. Akimwona wako na pete mkononi, maneno kwisha."

Mdogo wangu huyo alikuwa na miaka kumi na sita, amemaliza shule ya msingi, anazunguka mjini akitafuta kibarua. Nilipomwomba taa, aliishika kwanza magotini, akaifungua, akaifunga.

"Si utanirudishia?"

"Nitakurudishia fundi mzima."

Tuliiyeyusha kwa makaa nyuma ya jiko la mzee, tukaimimina iwe pete. Nilivuta mivukuto mimi mwenyewe.

Basi siku ile mdogo wangu alikuja na viatu vya kuazima na shati ambalo mdogo wetu wa kike alilipiga pasi mara mbili. Mimi nilisimama kando ya reli na pete. Moto ulikuwa umekolea, sindano ya kipimo cha mvuke imefika juu. Nikamtazama mzee anipe ishara, naye akatazama maua.

"Mpe mpwa wangu," akasema.

"Mzee?"

"Mpe tu. Huyu mgeni. Wako atazunguka baadaye."

Mpwa alikuwa ameshakaa, mkono nje. "Leta basi, mama, mvuke unaisha!" akasema, akicheka.

Rafiki wa mzee aliinama, akapapasa ile kona ya chini. "Kazi safi. Nani alilaza reli hii?"

"Mimi," mzee akajibu, "na huyu mtoto wa dada yangu."

"Lakini si ni dada yetu—" mdogo wangu akaanza, na yule wa kike akamfinya.

Nikatoa pete. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikuitupa kwenye maua. Mkono ulinyooka wenyewe, kama wa baba. Garimoshi lilizunguka mara tatu na kona yangu haikulia hata mara moja. Rafiki wa mzee akampa mpwa mkono: "Jumatatu, saa moja asubuhi. Usichelewe." Kisha tukapewa bajia. Mdogo wangu aliishika yake mpaka ikapoa. Hiyo "baadaye" haikufika. Moto ulizimwa tukiwa bado tumesimama.

Njiani kurudi Rhonda, mdogo wangu wa kike alijaribu. "Labda mwaka ujao."

"Mwaka ujao tutayeyusha nini?" akauliza kaka yake. "Sufuria?"

Jumatatu nilirudi kufua. Yule wa kike alikuwa bado shuleni, na hasira hailipi karo. Mzee hakuniita tena *beti*. Nilimwomba pete mara moja tu. Akasema ni ya garimoshi, vitu hivyo haviachani. Alisema taratibu, kama mtu anayeumwa jino, nami nikaona kuwa anajua alichotutendea.

Baada ya miaka miwili walihama nchi. Garimoshi lilitiwa ndani ya sanduku la mbao, na aliyelifunga kwa magazeti ni mimi. Pete ilikuwa imening'inizwa kwenye bomba la moshi kwa uzi. Ningeweza kuitia mfukoni. Hakuna aliyekuwa akitazama. Lakini nilimjua baba. Mshika pete haondoki nayo. Nikaifunika.

Mzee alinidanganya, na hilo nimelisema. Lakini aliyeichukua taa mikononi mwa mtoto si yeye. Mdogo wangu alibeba magunia ya mahindi mpaka mgongo ukapinda. Hajawahi kuniuliza. Nimepita kwa mafundi wa bati na kwa wauza vyuma chakavu, na taa kama ile sijaiona tena. Stima ikipotea nyumbani kwake na watoto wakipapasa gizani kutafuta mshumaa, huwa ninawawashia kiberiti, njiti moja baada ya nyingine. Nilimwahidi fundi mzima, na mpaka leo sijamrudishia hata utambi.